Wiki ya tatu katika makao ya watoto Mwanza: nitulieje bila kuwaumiza watoto?

Mgeni wa Miamba

Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa shikamooni, na wa rika langu nawasalimu.

Mimi ni binti kutoka Njombe. Nimemaliza chuo cha ualimu na bado nasubiri ajira, na katika kusubiri huko usharika wetu ulinituma Mwanza kujitolea kwa miezi 11 katika makao ya watoto yanayoendeshwa na kanisa. Nikiwa njiani nilijiandaa kwa joto, mbu na upweke. Joto nimelizoea upesi kuliko nilivyodhani, ingawa mtu aliyekulia mahali ambapo sweta huvuliwa saa nne asubuhi hustaajabu kuona watoto wa hapa wakitetemeka kwa sababu tu upepo wa ziwa umevuma baada ya mvua. Yanayonisumbua ni mengine.

Kuna binti mdogo ambaye tangu siku yangu ya pili ameshika upindo wa sketi yangu na haachii. Ananiita mama. Nikiingia bafuni husubiri mlangoni, akigonga taratibu kwa ndala yake ili nijue kwamba yupo. Jumamosi iliyopita nilikwenda mjini kununua sabuni na vocha, na niliporudi nikaambiwa kwamba alilia mpaka akatapika. Usiku huo nilimpakata mpaka akalala, nikamwahidi kwamba sitamwacha tena, na neno lenyewe lilikuwa halijamalizika kinywani nikakumbuka kwamba mimi nina tarehe ya kuondoka.

Halafu wako walezi. Ni akina mama watatu watu wazima, hawanikemei wala hawaninyimi chakula, lakini nikiingia jikoni mazungumzo huhamia Kisukuma na kubaki huko. Juzi niliomba niandae mboga. Nikawaloweka dagaa kwenye beseni kwa saa nzima, nikamwaga maji, nikawakaanga kwa nyanya na vitunguu, na jioni watoto zaidi ya 40 wakala wakisaga mchanga kwa meno bila kusema neno. Mlezi mkubwa alitamka jambo moja fupi ambalo wenzake walilicheka, na sikuthubutu kuuliza maana yake.

Yapo na mambo mengine mawili ambayo sijui niyapokeeje. Mvulana mmoja hulia usiku kwamba miguu inamuuma, nami nimeambiwa anadeka. Mwingine nilimkuta na vipande vya ugali chini ya godoro, vimeota ukungu, nikavitupa na kufuta chaga za kitanda kwa dawa. Tangu hapo hajanisemesha.

Naomba mlioishi maisha haya mnieleze namna mtu anavyotulia mahali kama hapa. Sala ninasali, lakini naona kama nahitaji pia kuelekezwa na binadamu.

*[Umri wa mtoto na jina la eneo nimeviondoa baada ya ushauri uliotolewa hapa chini.]*

---

Bibi Jikoni

Amina, mwanangu, na marahaba. Nimekuwa mlezi na mpishi wa makao ya watoto kwa miaka 19, kwanza Ukerewe na baadaye Nyakato, kwa hiyo niruhusu nianze na dagaa, maana naona ndiko ulikojikwaa kuliko unavyojua.

Dagaa wengi wa ziwa hili huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Wapo wanaoanikwa kwenye chanja, nao ni safi, lakini makao yenye watoto 40 hayanunui hao kwa sababu bei yake iko juu. Ukimloweka dagaa wa mchangani analainika na kuushika mchanga tumboni. Mtie kwanza kwenye ungo akiwa mkavu, umpepete na kumchambua, kisha umtumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, umpekeche kidogo, na umtoe kwa kumwinua na viganja kutoka juu. Usimwage maji pamoja naye hata siku moja, kwa kuwa mchanga wote umeketi chini ya beseni unakusubiri. Rudia hivyo mara tatu. Sasa, usiende kujifanya umejifunza peke yako. Nenda kwa huyo mlezi mkubwa asubuhi, umwamkie kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, halafu umwombe akuonyeshe. Atacheka tena, na safari hii utacheka naye.

Wale akina mama usiwahesabu kuwa watu baridi. Wamepokea wageni wengi wa kujitolea kabla yako, wazungu na wa kwetu, na kila mmoja alifika na utaratibu wake mpya wa kuogesha, wa kulisha, wa kuimbisha, akaondoka na picha zake, na waliobaki na mashuka yaliyokojolewa ni wao. Ukitaka wakupokee, omba kazi ambayo haipigwi picha. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya saa kumi na moja alfajiri: kuwaamsha waliokojoa bila kuwaaibisha, kuvua mashuka, kuyasuuza, na kuanika magodoro kabla wenzao hawajatoka nje. Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kuhubiri, uone kama jikoni hawatarudi kwenye Kiswahili.

Kuhusu miguu, mwanangu, neno "anadeka" usilikubali. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa wingi katika nchi hii, na mtoto mwenye ugonjwa huo huumwa mifupa hasa akipigwa na baridi, akikosa maji ya kunywa au akishikwa na malaria. Mtazame macho kama yana manjano. Mpe maji mengi, mfunike apate joto, usimwogeshe kwa maji ya baridi, na mwambie msimamizi kwa heshima, ikiwezekana mbele ya mlezi mwingine, kwamba mtoto huyu anahitaji kupimwa damu. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya selimundu. Akipata homa usingoje asubuhi.

Na yule wa ugali, ulimtupia akiba yake. Mtoto aliyewahi kulala njaa hawezi kuamini kwamba kesho kuna chakula kwa sababu tu mtu mzima amesema hivyo. Mtafutie kopo lenye mfuniko, uandike jina lake, umtilie michembe. Viazi vilivyokauka haviozi, havivuti mende upesi, na mtoto akiamka usiku anaweza kulitikisa kopo akasikia kwamba mali yake ipo. Wa kwangu mmoja alilala na kopo lake karibu miaka miwili, kisha siku moja nikakuta amehamishia humo gololi.

---

Kijana wa Igoma

Mimi nilikulia katika makao tangu nikiwa na miaka minne mpaka nilipoanza kujitegemea, na sasa ni seremala. Nasema kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa hiyo sketi.

Wafanyakazi wa kujitolea nilikuwa nawahesabu. Walipofika 14 niliacha kujifunza majina yao, na wote nikawaita "anko" na "anti" ili nisipate shida. Wengi walikuwa watu wema. Mmoja alitufundisha kucheza filimbi, na mpaka leo namwombea. Lakini yuko mwingine, ambaye nilimpenda kuliko wote, aliyeondoka alfajiri kwenda kupanda basi stendi ya Nyegezi bila kutuaga, nadhani kwa kuogopa machozi yetu au yake. Tuliamka tukakuta kitanda chake hakina shuka, godoro limekunjwa katikati, na juu yake ameacha mfuko wa pipi. Hakuna aliyegusa zile pipi mpaka mchana, na walioanza kuzila walikuwa wale wadogo ambao hawakuelewa.

Utaambiwa usimbebe huyo mtoto ili asikuzoee. Mimi sikubaliani. Mbebe. Mtoto asiyebebwa haumii kidogo, anaumia kimya tu. Kosa lako halikuwa kumpakata, lilikuwa ile ahadi, na ahadi hiyo unapaswa kuirudisha mwenyewe, mapema, kwa maneno anayoyaelewa. Mwambie kwamba ulikosea, kwamba wewe si mama bali ni dada, na kwamba utaondoka siku fulani na siku hiyo utamuaga mchana kweupe. Anko wa filimbi alitufanyia jambo ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote: alichukua chupa, akatia ndani kokoto moja kwa kila Jumapili aliyobakiza, na kila tukitoka kanisani mmoja wetu alitoa moja na kuitupa. Tulilia siku ya mwisho, lakini hatukushtuka.

Na nikuambie kuhusu walezi. Mama wa jikoni wa makao yetu hakuwahi kunikumbatia hata mara moja. Lakini kwa miaka tisa alinibandulia ukoko wa ugali na kunipitishia dirishani, kwa sababu aliniona siku moja nikiukwangua kwenye sufuria. Ukitaka kujua ni nani mama wa hao watoto, tazama anayejua nani hali vichwa vya dagaa.

---

Afisa wa Kanda ya Ziwa

Kabla ya yote, naomba mwuliza swali aondoe umri wa mtoto na jina la eneo kwenye andiko lake. Mtu anayeishi jirani angeweza kumtambua mtoto huyo kwa maelezo yaliyotolewa, na nia njema haipunguzi madhara. Kwa sababu hiyo hiyo, simu yako isipige picha za watoto kwa ajili ya kuwatumia marafiki na usharika, hata wakiwa wanacheka. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtoto hana namna ya kukupa ridhaa inayotosha.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nimeona wengi wakitulia vizuri katika makao na wengine wakishindwa, na tofauti yao mara nyingi ni kwamba waliotulia walielewa makao ni ya nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie, na inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi na ndugu zake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huo huo, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia, na kwamba kumweka katika taasisi kuwe hatua ya mwisho na, pale inapowezekana, ya muda. Katika kazi yangu, majalada mengi niliyofungua ya watoto walioitwa yatima yalikuwa na jina la bibi, shangazi, au hata mama mzazi aliye hai kwenye mwalo fulani wa wavuvi, ambaye alimleta mtoto wakati wa njaa au msiba akitumaini kurudi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi kuhusu huyo binti ni hili: mpango wake wa malezi unasemaje? Je, ndugu wametafutwa? Ikiwa hawapo, je, anafikiriwa kupelekwa kwa walezi wa kuaminika, au malezi ya kambo, au kuasiliwa? Uliza kama mtu anayejifunza, si kama mkaguzi. Ukiwa mwalimu unaandika vizuri, na makao mengi yana majalada ambayo hayajaandikwa kitu kwa miezi. Omba kusaidia kurekodi maendeleo ya shule na afya, na kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya RITA kwa wasiokuwa navyo. Kazi hiyo itabaki baada yako.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Usilale chumba kimoja na watoto, usitoke na mtoto mmoja peke yako, na fimbo usiishike hata ukiombwa. Ukiona mtoto anaumizwa na mtu yeyote, awe na cheo gani, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

---

Mwinjilisti wa Sengerema

Naunga mkono aliyosema Afisa, ila niongeze la kwetu sisi watu wa imani, maana naona limerukwa kana kwamba ni jambo la kuonea haya. Makao ni ya kanisa, watoto wanajua, majirani wanajua, na hakuna haja ya kusali kwa kujificha. Lakini sala isigeuzwe kuwa kiingilio cha chakula. Miongoni mwa watoto hao wapo waliotoka nyumba za Kiislamu na wapo ambao babu zao bado wanatambika. Mtoto asibadilishwe jina, asibatizwe kwa haraka ili ripoti ya usharika ipendeze, na asifundishwe kumwona bibi yake kuwa ni mtu wa giza. Kesho akirudishwa kwa huyo bibi, atarudi na nini?

Nawe mwenyewe, dada, usifanye makao kuwa kanisa lako, nyumba yako na kazi yako kwa pamoja. Tafuta kwaya nje ya geti. Chukua siku yako moja ya mapumziko kila wiki, hata mtoto akilia, na urudi saa ile ile uliyomwambia, ili ajifunze kwamba anayetoka hurudi. Nenda Kamanga ukae utazame kivuko kikivuka, ule sato, urudi.

Watoto watakuomba uwapeleke ziwani kuogelea, na siku ya joto utaona ni ukatili kukataa. Kataa. Kichocho hakihitaji kunywa maji. Vimelea vinavyotoka kwa konokono wa kando ya ziwa hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu kwenye maji. Watoto wa shule hupewa kingatiba, lakini wewe uliyetoka Njombe huenda hujawahi kumeza hata kidonge kimoja, kwa hiyo ukijisikia vibaya baada ya kufua ziwani, nenda ukapime.

---

Mgeni wa Miamba

Nimerudi baada ya wiki saba. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nafanya mliyoniambia, na mengine yalihitaji muda.

Dagaa nilifundishwa. Lile neno lililowachekesha, mlezi mkubwa mwenyewe amenifafanulia kwamba alisema nimewapikia ufukwe. Mashuka ya alfajiri ni yangu sasa, na mayu huyo huniletea kikombe cha uji pale kambani, akasimama kidogo, akaniambia nani ameota nini. Yule mvulana alipimwa, ana selimundu, ameanzishiwa kliniki, na mlezi aliyesema anadeka ndiye anayempeleka. Siku ile ya majibu alikaa nje ya zahanati amejifunika kitenge usoni, nami nikaona si wakati wa kusema lolote. Mwenye kopo la michembe amenisamehe, au angalau amenipa kipande kimoja.

Nilirudisha ahadi yangu kwa yule binti, nikamwambia mimi ni dada. Alinisikiliza, akaenda kujifungia stoo. Chupa ya kokoto tuliijaza siku iliyofuata, na kila Jumapili anatoa yeye. Lakini Jumapili ya tatu niliona chupa imejaa kuliko ilivyokuwa, nikazihesabu baada ya watoto kulala, nikakuta zimezidi tisa. Amekuwa akiokota kokoto uani na kuzirudishia ndani. Sijui nimwambie nini.

Na jambo la mwisho. Jalada lake lilikuwa na jina la bibi, ng'ambo ya pili ya ziwa. Afisa wa halmashauri amempata, yu hai, na Alhamisi tunakwenda: afisa, mlezi mkubwa, mtoto na mimi, kwa daraja la Kigongo–Busisi. Ni ziara ya kwanza tu, hakuna kinachoamuliwa. Je, ni sawa mimi kwenda? Na tubebe nini?

---

Bibi Jikoni

Nenda, kwa kuwa mtoto atahitaji sura anayoijua garini. Zamani safari hiyo ingewachosha kwenye foleni ya kivuko; tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 kilomita tatu zile mnazivuka kabla mtoto hajamaliza kuuliza maji yanaishia wapi. Mkifika, kaa nyuma. Mlezi mkubwa ndiye atakayesalimia na kueleza, kwa Kisukuma, na wewe utapiga goti kama mgeni yeyote. Bebeni sukari kilo mbili, sabuni ya mche, chumvi na majani ya chai. Msibebe nguo mpya za mtoto wala mchele wa gunia, maana bibi ataona mmekuja kumpima umaskini wake. Mzigo mkabidhini ndani ya nyumba, mtoto akiwa nje. Na kama bibi atampikia, mwache ale, hata kama kuna mchanga.

---

Kijana wa Igoma

Aliyeongeza kokoto tisa ameielewa chupa vizuri kuliko sisi tulivyoielewa. Usimgombeze, na usizitoe kwa siri usiku, kwa sababu lazima anazihesabu naye. Jumapili zimwageni zote sakafuni mbele yake, mpange pamoja zile zako na zile zake, zako zirudi kwenye chupa, zake mtafutie kopo.